Je, Ghafula Humwondolea Mtu Hatia?

Jioni ya Jumamosi, tarehe 28 Juni 2025, basi kubwa la abiria na basi dogo yaligongana mahali paitwapo Sabasaba, katika mji wetu wa Same, kwenye barabara kuu ya Moshi na Tanga. Yote mawili yakashika moto. Watu zaidi ya 35 walikufa, na wengi wao waliungua hata ndugu zao wasiweze kuzitambua nyuso zao. Habari iliyotolewa na serikali ilisema kwamba gurudumu moja la basi lilipasuka, na dereva akashindwa kulitawala gari lake.

Tulipokuwa matangani siku zile tulisikia neno moja likirudiwa na vinywa vingi: Ajali haina kinga. Wazee walilisema wakiinamisha vichwa, na vijana wakaliitikia. Hatuwalaumu, maana mtu aliyefiwa hutafuta neno la kuegemea, kama mzee atafutavyo mkongojo wake gizani. Lakini tangu siku zile swali limekaa moyoni mwetu, nasi tumeona yafaa kulileta mbele ya wasomaji. Je, jambo likimjia mtu kwa ghafula, asipate nafasi ya kufikiri, naye akaleta mauti kwa wenziwe, ana hatia au hana? Na kama yeye hana, ni nani aliye nayo?

Twaomba jambo moja lifahamike kwanza. Hatuandiki ili kumhukumu dereva wala mwenye gari wa siku ile. Kazi hiyo ni ya mahakama na ya wale waliopewa kupeleleza, nasi hatukuwamo ndani ya mabasi yale. Twaliuliza swali hili kwa sababu barabara ile ni yetu sote, na kesho sisi au watoto wetu tutapita papo hapo.

Watu hujibu swali hili kwa njia mbili. Wa kwanza husema kwamba yote yameandikwa, wala hakuna wa kulaumiwa. Hata neno lenyewe la ajali lawasaidia, maana asili yake ni Kiarabu, nalo lilikuwa na maana ya muda uliokadiriwa, hasa siku ya kufa aliyowekewa mtu. Basi wao wakisikia kwamba gurudumu limepasuka, husema siku zao zilitimia, nao hawaulizi gurudumu lile lilikuwa la namna gani. Wa pili hufanya kinyume. Wakiona damu barabarani hutaka mtu wa kulipia papo hapo, nao humrukia dereva kwa mawe na fimbo kabla hawajajua lililotokea. Twajua ya kuwa pengine madereva hukimbia wakawaacha majeruhi, si kwa ukatili, bali kwa kuwaogopa watu wa namna hii.

Njia hizi mbili zaonekana kama maadui, walakini zafanana katika jambo moja, nalo ni kukataa taabu ya kuuliza. Wa kwanza hataki kuuliza kwa sababu amekwisha kumtaja Mungu, na wa pili hataki kuuliza kwa sababu amekwisha kumpata mtu. Sisi twaona kwamba Mkristo amekatazwa njia zote mbili, wala hana haja ya kwenda mbali kupata ya tatu. Imo katika Torati.

Mwenye Biblia na asome Kumbukumbu la Torati, sura ya 19. Musa ataja habari ya watu wawili waliokwenda pamoja mwituni kukata kuni. Mmoja ainua shoka, na chuma chachomoka mpinini, chamwangukia mwenziwe naye afa. Mtu huyu hakuwa na chuki, wala hakukusudia. Torati haimtoi auawe, bali yamfungulia mji wa makimbilio, ili mlipiza kisasi asimpate moyo wake ungali moto. Hapo twaona rehema kwa mtu aliyefikiwa na jambo la ghafula.

Lakini asome tena Kutoka, sura ya 21. Huko yatajwa habari ya ng'ombe aliyempiga mtu pembe akafa. Ikiwa ng'ombe yule hakuwa na desturi hiyo, mwenyewe hana hatia. Lakini ikiwa alizoea kupiga pembe, na mwenyewe amekwisha kuonywa, naye asimfunge, basi mwenye ng'ombe ana hatia ya damu. Katika sura iyo hiyo, mtu aliyechimba shimo na kuliacha wazi hulipa mnyama aliyetumbukia. Na katika Kumbukumbu la Torati, sura ya 22, mwenye kujenga nyumba aamriwa kujenga ukingo kandokando ya dari, asije mtu akaanguka na damu ikawa juu ya nyumba ile.

Tuangalie vizuri tofauti iliyo hapa. Ng'ombe wa kwanza na ng'ombe wa pili walipiga pembe kwa ghafula sawasawa. Aliyeuawa na wa kwanza amekufa kama aliyeuawa na wa pili, na huenda wenye ng'ombe wote wawili walipiga kelele na kukimbilia kuokoa. Kitu kimoja tu kinawatenga, nacho hakikuwako katika dakika ile ya mauti. Kilikuwako siku zilizotangulia, jirani alipokuja kumwambia mmoja wao, Ndugu, mfunge ng'ombe wako, naye akanyamaza.

Sheria inayofuatwa katika nchi yetu imetembea katika njia iyo hiyo. Desturi za sheria za Uingereza ziliingizwa Tanganyika kama zilivyokuwa tarehe 22 Julai 1920, na hukumu zilizotolewa huko baadaye, ingawa hazizifungi mahakama zetu, husikilizwa kwa heshima. Mwaka 1932 mashauri ya konokono aliyesemekana kuonekana ndani ya chupa ya kinywaji katika mji wa Paisley, huko Scotland, yaliletwa mbele ya Baraza la Mabwana, lililokuwa mahakama ya juu kabisa ya Uingereza wakati ule. Jaji Atkin alipotafuta msingi wa hukumu, alilirudia swali ambalo mwanasheria alimwuliza Bwana wetu katika Injili ya Luka, sura ya 10: jirani yangu ni nani? Akafundisha kwamba mbele ya sheria jirani yangu ni mtu yeyote ambaye tendo langu laweza kumdhuru kwa karibu, hata ikanipasa kumfikiri kabla sijatenda. Asiyemfikiri jirani huyo, akamdhuru, huyo ndiye mwenye uzembe. Basi uzembe si kukusudia mabaya. Ni kutomfikiri jirani pale ilipopasa kumfikiri.

Sasa sheria hii yasemaje juu ya ghafula? Yasema mambo mawili, na mtu akilishika moja na kuliacha la pili atapotea.

Jambo la kwanza ni rehema. Mwaka 1816 Jaji Ellenborough alisikiliza mashauri ya abiria mmoja aliyesafiri katika gari la kuvutwa na farasi. Kwenye mteremko hatamu ilikatika, farasi mmoja akawa hatawaliki, na mwendeshaji akalipeleka gari kando ya barabara likagonga vigingi. Abiria akaona kwamba gari litapinduka, akaruka chini, akavunjika mguu. Kumbe gari halikupinduka. Mwenye gari akajitetea akisema kwamba kama yule mtu angalikaa kimya asingalidhurika. Jaji aliwafundisha walioapishwa kuamua kwamba mtu aliyetiwa na mwenziwe katika hatari, akalazimishwa kuchagua upesi kati ya mabaya mawili, halaumiwi kwa kuchagua lile ambalo baadaye lilionekana kuwa baya zaidi, mradi alitenda kama atendavyo mtu mwenye akili katika hofu ile. Akapewa pauni 300.

Vivyo hivyo katika msiba mkubwa wa mto Thames, tarehe 3 Septemba 1878. Meli ya abiria iitwayo Princess Alice ilikatiza mbele ya meli kubwa Bywell Castle, zikagongana, na watu zaidi ya 600 wakafa maji. Nahodha wa Bywell Castle, katika dakika ya mwisho, alitoa amri ya usukani ambayo haikuwa sawa. Mahakama ya kwanza ililaumu meli zote mbili. Lakini mwaka 1879 mahakama ya rufani iliiondolea Bywell Castle lawama, kwa kuwa mtu aliyeingizwa katika hatari na kosa la mwingine hawezi kudaiwa utulivu wa mtu aliyeketi mezani na kalamu mkononi.

Tukifanya hesabu kidogo tutaona kwamba rehema hii ni haki. Gari liendalo kilometa 80 kwa saa hupita meta 22 kwa kila sekunde moja. Mtu akiona hatari, jicho lapeleka habari kichwani, kichwa chaamuru mguu, na mguu waifikia breki. Ikiwa kazi hii yachukua sekunde moja na nusu tu, gari limekwisha kupita meta 33 kabla halijaanza kupunguza mwendo. Sisi tuliokaa matangani tukisema angalifanya hivi, angalifanya vile, tumechukua saa nzima kufikiri neno ambalo dereva alipewa sekunde moja kulifikiri. Hukumu ya namna hiyo si ya haki.

Jambo la pili ni mpaka wa rehema ile. Tuyarudie mashauri ya 1816. Abiria aliyeruka hakulaumiwa. Lakini hatamu ilikatika kwa sababu gani? Ilikuwa mbovu, na mwenye gari ndiye aliyeitoa barabarani ikiwa mbovu, naye ndiye aliyelipa. Basi sheria haikuridhika kusikia kwamba hatamu ilikatika ghafula. Iliuliza ghafula ile ilianzia wapi.

Mashauri yanayofanana zaidi na msiba wa Same ni ya Wales. Wakati wa vita kuu ya pili ya dunia, gurudumu la basi la abiria lilipasuka huko, basi likatoka barabarani likaporomoka bondeni, na mume wa mwanamke mmoja akafa. Mjane wake akashtaki. Kampuni ikajibu kwamba ufa ulikuwa ndani ya tairi, hauonekani kwa nje, na kwamba magurudumu yao hukaguliwa. Mwaka 1950 Baraza la Mabwana likaamua kwamba jibu hilo halikutosha. Ufa wa namna ile hutokana na pigo kubwa, kama vile gurudumu kugonga ukingo wa barabara au kutumbukia shimoni, na pigo kama hilo dereva hulisikia. Ilikuwa wajibu wa kampuni kuwaagiza madereva wake wakisikia pigo waseme, ili tairi ivuliwe na kutazamwa. Hawakuagiza. Basi kupasuka kulikuwa kwa ghafula, lakini uzembe ulikuwa umekaa miongoni mwao siku nyingi.

Tena mwaka 1969, katika mashauri ya gari la mizigo lililokatika breki mteremkoni likaua mtu, wenye gari walisema kwamba bomba la mafuta ya breki lilikuwa limeliwa na kutu mahali pasipoonekana bila kulifungua. Baraza lile lile likawaambia kwamba haitoshi kusema kasoro ilijificha. Iliwapasa kuonyesha pia gari lile lilipita wapi na lilibeba nini, ili ijulikane kama hakukuwa na jambo la kuwaamsha kulitazama zaidi ya desturi. Na hapa kwetu, Mahakama ya Rufani ya Afrika Mashariki, iliyosikiliza rufani za Kenya, Uganda na Tanzania hata mwaka 1977, iliweka kanuni iyo hiyo mwaka 1968 katika mashauri ya kampuni ya mabasi ya Embu. Ajali ikiwa ya namna inayoonyesha yenyewe kwamba kuna uzembe, mwenye gari ndiye apaswaye kuleta sababu isiyo ya uzembe. Kusema ilitokea tu si jibu.

Wazee wetu wa Upare wangaliifahamu kanuni hii bila kufundishwa na jaji. Wao walijenga ndiva, yaani mabwawa ya kukusanya maji ya mifereji usiku, ili asubuhi yafunguliwe kumwagilia mashamba. Ndiva ikipasuka usiku wa manane na kuzoa mahindi ya watu, hakuna mwenye akili atakayemwuliza mlinzi kwa nini hakuyazuia maji kwa mikono yake. Maji yaliyokwisha kutoka hayazuiwi na mtu. Swali huwa ni hili: ukuta ulipoanza kuvuja juma lililopita, nani aliona? Aliyeona alimwambia nani? Na aliyeambiwa alifanya nini? Ndiyo maana wahenga walisema, Usipoziba ufa utajenga ukuta.

Sasa tuutazame ufa ulivyo katika barabara zetu. Chini, njia kuu yapita tambarare yenye joto kupitia Hedaru, Makanya na Same. Tairi isiyojazwa upepo wa kutosha, au iliyobebeshwa mzigo kupita kadiri, hukunjika na kukunjuka katika kila mzunguko, na kukunjika huko huleta moto ndani yake. Yakiongezwa jua la mchana, mwendo mkali na uzee wa tairi, nyuzi za ndani hulegea, hata siku moja yapasuka. Mwenye kuitazama tairi asubuhi kabla ya safari hutumia dakika chache. Na la mbele likipasuka, gari huvutwa upande ule. Mafundi hufundisha kwamba dereva aushike usukani kwa nguvu, asiikanyage breki kwa hofu, auache mwendo upungue wenyewe kwanza. Lakini ni nani awezaye kukumbuka hayo katika sekunde moja, ila yule aliyefundishwa kabla hata mkono wake ukazoea? Basi hata tendo la ghafula lina siku zake za nyuma. Tena aendaye polepole amejiwekea akiba ya sekunde, maana kwa kilometa 50 kwa saa gari hupita karibu meta 14 tu kwa sekunde. Sheria ya Usalama Barabarani ya mwaka 1973 iliyoamuru mwendo huo katika makazi ya watu, na kilometa 80 kwa mabasi mahali pengine, haikuwekwa ili kuwakera madereva. Iliwekwa ili jambo la ghafula likija, dereva awe na nafasi ya kutenda kama mtu.

Juu, katika barabara za Mbaga, Chome na Vudee, mambo ni mengine. Huko njia yazunguka mlimani, upande mmoja ukuta wa mawe na upande wa pili korongo, na mvua ikinyesha udongo huwa kama sabuni. Gari likiteremka kwa kukanyaga breki muda wote, breki hupata moto zikaacha kushika. Kwa hiyo dereva mwenye akili huingiza gia ndogo juu ya mlima, kabla hajaanza kuteremka, injini imsaidie kulizuia gari. Asiyefanya hivyo akafika kona ya mwisho hana breki, atalia kwa kweli kwamba breki zimekatika ghafula. Lakini alizikata mwenyewe tangu kule juu.

Basi jibu letu ni hili. Ghafula humwondolea mtu hatia ya yale aliyoyatenda ndani ya ghafula, lakini haimwondolei hatia ya yale aliyoyaacha kabla yake. Dharura iliyomjia kutoka nje, yeye akiwa amefanya yaliyompasa, haina hukumu juu yake. Dharura aliyoifuga mwenyewe nyumbani, akailisha kwa kuahirisha na kubana senti, hiyo ni ng'ombe wake aliyeonywa habari zake. Nayo methali ya Ajali haina kinga ni ya kweli mahali pake, yaani baada ya mtu kuweka kinga zote alizoweza. Akiitamka kabla, amegeuza neno la kufariji kuwa neno la kujifichia.

Hapa msomaji mwenye kufikiri atatuuliza neno gumu, nasi hatutaki kulikwepa. Madereva wawili wametoka Same asubuhi moja, kila mmoja na tairi kuukuu, kila mmoja akijua. Wa kwanza amefika Tanga salama, amekula chakula chake, amelala. Wa pili amekanyaga jiwe lenye ncha, na watu wamekufa. Sheria itamshika wa pili tu. Je, wa kwanza ni mwema kuliko mwenziwe?

Twajibu kwamba mbele ya mahakama ya wanadamu hao wawili hawako sawa, wala haiwezekani wawe sawa, kwa sababu mahakama hulipa hasara iliyotokea, na kwa wa kwanza hakuna aliyefiwa. Lakini kosa la moyo ni lile lile, na Mungu atazamaye moyo huyaona magari yote mawili. Tofauti kati yao ni jiwe moja barabarani. Jambo hili latupasa kulifikiri kwa hofu, maana wengi wetu ni yule wa kwanza. Mwenye pikipiki aliyebeba watu watatu akafika. Mama aliyemwacha mtoto wa miaka minne avuke barabara peke yake, naye akavuka. Mchungaji aliyeacha mbuzi walale njiani usiku, wala hawakugongwa. Fundi aliyeifunga skrubu moja badala ya mbili, nayo ikashika. Sisi twaita hayo bahati njema. Afadhali tuyaite deni lililosamehewa kwa leo, na mwenye kusamehewa deni haendi kumkaba koo mwenziwe.

Katika hayo yatoka mambo matatu ambayo twawasihi ndugu zetu wa vijijini wayashike.

Kwanza, tuwe waonyaji wa ng'ombe. Abiria akiona tairi imekwisha hata nyuzi zaonekana, au akisikia utingo akisema breki hazishiki vizuri, na aseme, hata kama wenziwe watamcheka na kumwambia apande gari lake mwenyewe. Neno lake laweza kukataliwa, lakini likikwisha kusemwa, mwenye gari hawezi tena kusema hakujua. Kinyume chake, abiria ampigiaye dereva kelele akimbize gari ili awahi soko au arusi, akikubali kujazana watu kama gunia la mahindi, huyo ameingia ubia katika dharura ya kesho.

Pili, wenye magari wayatendee kama kampuni ile ya Wales ilivyopaswa kutenda. Wamwulize dereva kila jioni gari lilisikia nini leo, na dereva asemaye pigo asikatwe mshahara wala asitukanwe kwa kuwa amelaza gari siku moja. Mahali ambapo msema kweli hupoteza kazi, nyufa zote hufichwa, na mwenye mali ndiye aliyefundisha kuficha.

Tatu, tuwe na mji wa makimbilio. Ikionekana baada ya kuuliza vizuri kwamba dereva alifanya yote yaliyompasa, na mauti yakaja vivi hivi, mtu huyo asiitwe mwuaji kijijini. Yeye naye ni mtu aliyejeruhiwa. Ataisikia sauti ya chuma usiku kwa miaka mingi. Torati haikumwambia yule mwenye shoka kwamba hakuna kitu kilichotokea. Ilimtenga na kwao mpaka kuhani mkuu alipokufa, kwa kuwa damu ya mtu si kitu kidogo. Lakini ilimpa mahali pa kukaa akiwa hai, na majirani wa kumwamkia. Kanisa litakuwa mji gani kama halina nafasi kwa mtu kama huyo?

Twarudi Sabasaba tulikoanzia. Waliokufa hawatarudi kwa maandishi yetu. Lakini kila aliye na gari, au pikipiki, au mtoto wa kumtuma dukani ng'ambo ya barabara, ana asubuhi ya kesho, nayo bado haijawa ghafula. Asubuhi hiyo, kabla ya kuondoka, na ainame kidogo aitazame tairi, au amshike mtoto mkono. Jirani yake atakayepita njia ile mchana hatajua kamwe kwamba alifikiriwa na mtu, wala hatasema asante, maana atafika nyumbani kwake salama.